Mwalimu Aliyengoja Radi Mwezi wa Nane

Namshukuru Mungu, aliyetupa macho kabla hatujapewa vitabu, kisha akatupa miaka ya kutosha ya kujifunza kuyatumia. Sifa ni zake kwa mvua chache tunazopata huku kwetu, na kwa jua jingi tusiloliomba. Sifa ni zake pia kwa watu anaotuwekea njiani ili watusumbue, maana bila hao tungesinzia tukidhani tumeshafika.

Mmoja wa hao ndiye ninayetaka kumwandika. Nitamwita Mwalimu tu, kwa kuwa hata wajukuu wake humwita hivyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo wanayo wenyewe wa kuyaeleza. Mimi nilimjua shuleni, katika kijiji chetu cha wilaya ya Chamwino. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, akifundisha Sayansi. Mimi, katekista, nilikuwa nakwenda kufundisha dini kila Jumatano. Kipindi changu kilifuata Sayansi, na baada yangu aliwarudia watoto kwa Hisabati.

Sikumbuki Jumatano hata moja aliyomaliza kwa wakati. Nilikaa kwenye benchi nje ya darasa, Biblia mapajani, nikisikiliza kelele ambazo kwa shule ya kawaida zingemaanisha kwamba mwalimu hayupo. Hatimaye mlango ulifunguliwa, nami nikakabidhiwa watoto wenye matope mpaka viwikoni. Nikisema, "Tufumbe macho tuombe," walifumba macho na kufumbua viganja, na humo ndani ya kiganja cha mmoja kulikuwa na mende.

Siku moja nilifika nikakuta darasa tupu. Nikazunguka nyuma ya vyoo, nikawaona: watoto arobaini na kitu wamelala kifudifudi mchangani, kimya kabisa, wengine midomo wazi. Mara moja nilijua kwamba uji wa asubuhi ulikuwa na sumu. Nikavua kofia, nikaanza kuomba kwa sauti kubwa. Mwalimu naye alikuwa amelala palepale, kitenge kimejaa vumbi. Akainua kichwa.

"Katekista, omba polepole. Halafu rudi nyuma hatua mbili, unawakanyaga."

"Nawakanyaga akina nani?"

"Sisimizi. Kuna mtoto ameuliza kama huwa wanalala. Tumekuja kuwaangalia."

"Sasa, wanalala?"

"Hatujamwona aliyelala. Ila wewe umewalaza watatu."

Watoto, ambao wana adabu, walisema "Amina," kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza sala na hakuna aliyependa niiache njiani.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Ukimuuliza swali, hakukupa jibu, alikupeleka lilipo. Na baada ya kuangalia aliuliza jambo moja tu: "Tumeona nini?" Hakuuliza tunajua nini, wala kitabu kinasemaje. Mtoto aliyejibu, "Kaka yangu anasema," aliambiwa amlete kaka yake. Kaka mmoja aliletwa kweli, kijana wa sekondari mwenye ndevu zake tatu, akawekwa mbele ya beseni la maji aeleze kwa nini limao linaelea na limao lililomenywa linazama. Aliondoka akisema ana mtihani.

Beseni hilo lilimletea matatizo mengine. Wiki ile watoto walikuwa wakijaribu vitu vinavyoelea na vinavyozama, na kila mmoja aliruhusiwa kuleta kitu chake. Wakaleta mawe, magunzi, vifuniko vya soda, kiatu. Mtoto mmoja alitumwa ofisini kupeleka chaki, akarudi na muhuri wa shule. Mwalimu Mkuu alipokuja mbio, maji yalikuwa yamekuwa ya zambarau.

"Mwalimu! Muhuri wa serikali uko kwenye beseni!"

"Nimeuona, Mkuu."

"Unaelea!"

"Unaelea vizuri sana. Ila kwa ubavu. Watoto, kwa nini kwa ubavu?"

Mwalimu Mkuu hakusahau siku ile, na kwa wiki mbili barua zote za shule zilitoka na duara hafifu kama kivuli cha chungwa.

Vifaa vyake vilikuwa mirija, makopo ya rangi, vioo vilivyovunjika akavisaga ncha, na mbegu. Mbegu alizifuata mjini, soko la Majengo. Muuza nafaka mmoja pale, shemeji yangu, alinisimulia walivyokutana mara ya kwanza. Mwalimu aliomba punje kumi za mtama, kumi za uwele, kumi za choroko.

"Mama," shemeji akamwambia, "punje kumi unapika nini?"

"Napika Darasa la Tatu."

"Au ni mambo ya waganga haya?"

"Mganga angekulipa, baba. Mimi naomba bure."

Tangu siku hiyo shemeji alimwekea karatasi yake ya mbegu kila mwisho wa mwezi, na yeye akimletea habari za zilizoota na zisizoota. Shemeji anadai kwamba habari hizo zilimsaidia kumjua mkulima aliyekuwa akimuuzia choroko za zamani.

Msidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Alikuwa akiwaambia watoto, "Shika, gusa, nusa," lakini kinyonga akiingia darasani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda juu ya meza, akiendelea kufundisha kutoka huko: "Tazameni macho yake! Mwambieni asije huku!" Kwa mtoto alikuwa na subira ya ng'ombe, akikosea mara kumi aliambiwa, "Jaribu tena, mama." Mtu mzima akikosea mara moja alitazamwa mpaka aage. Tena alisadiki kabisa kwamba ukinywa maji baridi baada ya kula karanga utakohoa wiki nzima. Nilipomuuliza kama amewahi kujaribu, alinijibu, "Nina kazi, Katekista. Siwezi kukohoa wiki nzima."

Kanisani alikaa benchi la mwisho. Jumapili moja nilihubiri juu ya punje ya haradali, iliyo ndogo kuliko mbegu zote, nikaipandisha sauti hapo kwenye "zote". Baada ya ibada alinipa mkono, akaniachia kipande cha karatasi. Nilipofika nyumbani nikakifungua. Juu yake kulikuwa na punje moja ya haradali imegandishwa kwa gundi, na pembeni yake punje tatu za mchicha, ndogo kuliko hiyo. Hakuandika neno. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia kwamba Bwana alisema na wakulima waliopanda haradali, si na walaji wa mchicha. Akafikiri, akasema, "Hapo umejibu." Nikafurahi kupita kiasi, kama mtoto aliyewekewa vema.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikufurahi, na ndilo ninaloandikia.

Huku kwetu kuku akiatamia, mtu huweka msumari au kipande cha mkaa katikati ya mayai, ili radi ikipiga mayai yasiharibike. Baba yangu aliweka. Babu yangu aliweka mkaa kwa kuwa hakuwa na msumari. Mimi niliweka msumari wa inchi nne, ingawa Jumapili nilikemea hirizi. Sikuona tatizo. Hirizi ilikuwa hirizi, na msumari ulikuwa msumari.

Mwezi wa nane mwaka fulani, Nyemo, binti wa jirani yangu na mwanafunzi wa Darasa la Tatu, alitumwa kwetu kurudisha chekeche. Akachungulia kwenye kiota.

"Shikamoo, Katekista. Huu msumari wa nini?"

"Marahaba. Unazuia radi isiharibu mayai."

"Umewahi kuutoa ukaona?"

"Mambo mengine hayajaribiwi, mwanangu."

"Mwalimu anasema tusiandike ambacho hatujakiona."

"Mwalimu wako hafugi kuku."

Kesho yake nilikuwa mazikoni. Niliporudi nilikuta kuku wangu wawili walioatamia wana vitambaa miguuni. Mwenye kitambaa chekundu alikuwa na mayai kumi na msumari. Mwenye kitambaa cheupe alikuwa na mayai kumi, bila msumari. Mke wangu alinizuia mlangoni.

"Baba Neema, usiwaguse. Mwalimu alikuja na watoto, nimewakubalia. Hao sasa ni wa shule."

"Kuku wangu?"

"Kuku wetu. Na mimi nataka kujua."

Hapo ndipo nilipotenda vibaya. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamwambia, "Mkuu, wazazi wanalalamika. Madaftari ya Sayansi ya Darasa la Tatu ni matupu, hayana notsi." Madaftari yalikuwa matupu kweli; mtoto aliweza kuandika mistari mitatu kwa wiki, kwa kuwa aliandika alichokiona tu. Lakini hakukuwa na wazazi. Nilikuwa mimi peke yangu, na msumari wangu.

Mwalimu Mkuu hakuhitaji kusukumwa, muhuri ulikuwa bado unamuuma. Akaitisha kikao cha kamati baada ya wiki tatu. Akasema atapendekeza Mwalimu anyang'anywe Darasa la Tatu, apewe kijana mwenye mwandiko mzuri wa ubaoni, naye Mwalimu apewe kazi ya stoo: unga wa uji, majembe, mafagio. Habari zikamfikia. Mke wangu alinieleza kwamba Mwalimu alikuja siku hiyo, akaketi kizingitini kwetu akiwatazama wale kuku, akasema neno moja tu: "Stoo haina watoto."

Nililisikia neno hilo, na malalamiko yangu sikuyaondoa.

Majaribio hayakusimama. Watoto walikuja kwa zamu, wanne wanne, wakaangalia, wakaandika mistari yao mitatu. Siku ya sita Mwalimu alileta boksi la viatu lenye tundu, akaweka tochi ya simu ndani, akawafunika watoto na blanketi letu, na kila yai likapitishwa kwenye mwanga. Nilisikia sauti ya Nyemo kutoka chini ya blanketi: "Kuna buibui mwekundu!" Kisha: "Anapumua. Hapana. Anadunda." Nilitaka sana kuona. Nilijifanya natafuta jembe karibu na pale. Mwalimu akainua upande mmoja wa blanketi, nami nikaingiza kichwa, mzee mzima, nikaona mishipa ya damu myembamba kama uzi, na katikati nukta moja inayodunda. Miaka sitini na zaidi nimekula mayai. Sikuwahi kuona hivyo.

Jumatano iliyofuata, katika kipindi changu, nikauliza kama kuna mwenye ombi la sala. Nyemo akanyoosha mkono.

"Katekista, tuombee radi."

"Radi?"

"Ipige karibu na kwako. Isiue mtu. Ipige tu."

Mimi mzaliwa wa hapa nilijua vizuri kwamba mwezi wa nane huku kwetu hupiga upepo na vumbi, na radi hungoja mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Nilijua kwamba jaribio lao haliwezi kuugusa msumari wangu. Nikakunja uso wa kitakatifu, nikasema, "Mungu hapangiwi, mwanangu." Moyoni nilikuwa nacheka. Mungu anisamehe.

Mayai yakaanguliwa. Mwenye msumari, vifaranga wanane. Asiye na msumari, tisa. Siku tatu baadaye kikao kikakaa.

Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mwalimu Mkuu akasoma malalamiko ya "wazazi", akapitisha madaftari mkono kwa mkono. Watu wakatikisa vichwa. Mwalimu hakujitetea. Aliomba tu mwanafunzi mmoja aingie aulizwe chochote walichosoma muhula ule. Nyemo akaingia, amekakamaa kama kijiti, soksi moja juu na moja chini.

Baba mmoja, muuza alizeti, mtu wa maneno mengi, akaanza. "Haya mjukuu wangu. Wiki tatu mmeangalia kuku. Tuambie, msumari unazuia radi au hauzuii?"

"Hatujui."

Darasa zima likacheka. "Mmeona?" akasema Mwalimu Mkuu. "Wiki tatu!"

"Si mayai ya bila msumari yameanguliwa zaidi?" muuza alizeti akamsaidia. "Sema tu kwamba msumari ni uongo."

"Hapana, babu. Kwa mwenye msumari mbuzi aliingia akavunja yai moja. Na radi haikupiga hata siku moja. Sasa tutajuaje? Tulimwomba Katekista atuombee radi, akasema Mungu hapangiwi."

Hapo kicheko kikageuka, kikaja kwangu. Kila mtu mle ndani alikuwa mkulima. Kila mtu aliijua Agosti. Muuza alizeti alinipiga bega mpaka dawati likalia.

"Katekista! Ulijua! Ukaficha radi!"

Nilimtazama yule mtoto. Wakubwa kumi na mmoja walikuwa wamemtega aseme ndiyo au hapana, kila upande ungempatia sifa, naye akakataa pande zote mbili kwa sababu hakuwa ameona. Nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka mingi. Sikuwahi kuwafundisha kusema kweli ya namna hiyo, ambayo haina faida kwa msemaji.

"Lakini hao wazazi waliolalamika ni akina nani?" akauliza muuza alizeti. "Mimi ni mzazi. Sikulalamika."

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasimama, na kama mwoga nilivyokuwa, nikasema, "Wazazi wamelitafakari upya. Wameyaondoa malalamiko." Tukapiga kura kwa mikono. Sita wakataka abaki na darasa lake, watano hawakutaka. Mkono wangu ulikuwa kati ya ile sita.

Tulipotoka nilimuuliza Mwalimu kama naye hakujua kuhusu radi.

"Nilijua," akasema. "Kuku hawangoji mvua kuatamia. Na mimi nilikuwa nangoja watoto wagundue. Nyemo aligundua siku ya kumi na saba. Alilia."

Desemba shule ilikuwa imefungwa, na watoto wale wakaingia la nne. Kwa hiyo mpaka leo hatujui. Mke wangu aliutoa ule msumari akaupigilia ukutani, anatundikia chujio la chai. Kuku wetu wanaangua kama kawaida, wengine vizuri, wengine vibaya.

Mwalimu alibaki na Darasa la Tatu mpaka alipostaafu. Siku ya kumuaga nilitoa hotuba ndefu ya kumsifu, na kila sifa niliyotamka ilinishitaki, kwa kuwa nilijua ni nani aliyetaka kumfungia stoo.

Mwaka jana mwishoni niliamua kumfuata. Anaishi kwa binti yake, upande wa Chimwaga, karibu na chuo. Nilikodi bajaji kutoka mjini na kifuko cha karanga mkononi. Nilimkuta kibarazani, miguu imevimba kidogo, miwani minene, anachambua mchele. Tukasalimiana, tukauliziana wote waliopo na waliotangulia. Kisha nikasema.

"Mwalimu, nimekuja kuungama."

"Kwangu? Mimi si kasisi."

"Wale wazazi waliolalamika juu ya madaftari. Walikuwa mimi."

Mikono ikasimama kwenye ungo. "Wote?"

"Wote."

"Siku zote hizo nilikuwa nawatazama akina mama sokoni, nikijiuliza ni yupi."

Akachambua punje chache, akatupa kijiwe.

"Na mimi nina langu," akasema. "Mwaka ule ule nilimwandikia Mkuu barua juu yako. Niliomba kipindi chako kihamishiwe saa ya mwisho. Niliandika kwamba watoto wakitoka kwako, kutwa nzima hawaniulizi kitu."

"Mkuu alijibuje?"

"Alijibu kwamba ni kwa sababu wametulia rohoni."

Tulicheka mpaka binti yake akachungulia dirishani. Lakini kicheko kilipoisha niliuliza, "Ni kweli hawakuuliza?"

"Ni kweli, Katekista."

"Basi nisamehe na hilo pia."

"Hilo nilishakusamehe zamani," akasema Mwalimu. "Hilo la wazazi ndilo jipya. Nipe siku chache."

Nilirudi kijijini. Jumapili ikapita. Jumatano asubuhi, saa ile ya kipindi chetu, simu ya mke wangu ikalia, akanipa.

"Katekista? Ni mimi. Nimekusamehe. Ningeweza kusema siku ile ile, ila nilitaka kwanza nihakikishe."

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe mtu wa kukuuliza, na akupe moyo wa kutomkasirikia. Akujalie useme hujui pale usipojua, uombe msamaha kabla miguu haijachoka, na akusamehe wepesi kuliko sisi tunavyosameheana. Amina.